Anayesoma Ana Haraka

Wewe uliye jikoni unamenya viazi, wewe uliye dukani unamsubiri mteja wa mwisho, na wewe uliyekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela huku konda wa gari la jirani akigonga bodi, nyote karibuni. Jioni hii tuzungumze kuhusu vibao. Vibao vya maduka, mabango ya ukutani, na maandishi yanayobandikwa kwenye magari ya biashara: kirikuu, bajaji, Noah, Fuso, na hata pikipiki za kupeleka chakula.

Wewe wa kwenye foleni ndiye mwenye bahati leo, maana mfano wa mazungumzo yetu uko mbele ya kioo chako. Hebu litazame gari lililokutangulia. Limeandikwa nini? Umemaliza kusoma, au umeishia njiani ukachoka? Na nikikuomba ufumbe macho sasa hivi (kama si wewe unayeendesha, tafadhali), utaweza kuniambia mwenye gari anauza nini na anapatikana wapi?

Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mnizoee. Kwenye risiti, bango ni la mwenye duka, maana yeye ndiye aliyelipa. Kwa kazi yake, bango ni la anayepita. Na anayepita ana haraka. Narudia: anayepita ana haraka. Amebeba mtoto, amechelewa kazini, ameshikilia bomba la daladala, au anaendesha huku akichunga bodaboda zinazomkatiza kushoto na kulia. Huyo ndiye msomaji wako.

Sasa nikuulize. Ni maandishi gani ya brashi yanayojulikana na kila mtu katika nchi hii ya Tanzania, aliyesoma na asiyesoma? Wengine mmeshajibu. Ni ile X nyekundu ya kando ya barabara. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 itanue hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, kuta nyingi zimeamka asubuhi zikiwa na herufi hiyo. Haina nembo, haina anwani, haina "karibuni nyote". Herufi moja, rangi moja, imechorwa kubwa ili ionekane. Mwenye nyumba akiiona toka kwa mbali, mapigo ya moyo yanabadilika kabla hajafika mlangoni. Mimi siisifu kwa habari inazoleta, Mungu apishe mbali. Nasifu namna ilivyoandikwa. Aliyeichora alijua anachotaka kusema, akasema hicho tu, akaondoka na kopo lake.

Mfano wa pili una heri zaidi. Daladala za Dar es Salaam zina mstari wa rangi ubavuni unaotambulisha njia, pamoja na majina ya mwanzo na mwisho wa safari. Mwenyeji wa Mbagala hasubiri gari lisimame ndipo asome. Anauona ule mstari likiwa bado mbali, anakaza kanga, anamshika mtoto mkono, anaanza kusogea mbele ya wenzake. Mgeni ndiye anayebaki kusoma majina, na akimaliza kusoma viti vimejaa. Mnaona kilichotokea hapo? Rangi imefika kabla ya herufi. Macho yetu hupokea rangi na umbo kwanza, na maneno huja mwishoni kabisa, kama nafasi ipo.

Tuyachukue hayo mawili tuingie nayo mtaani, kwenye kibao cha duka la kawaida. Kuna nini pale? Juu kabisa kuna shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Chini yake jina la mwenye duka, au la mtoto wake wa kwanza, likifuatiwa na neno "Enterprises". Halafu inaanza orodha: wauzaji wa jumla na rejareja wa vinywaji baridi, vocha, vipodozi, mkaa, gesi, viberiti, daftari, pia tunatoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Namba tatu za simu. Picha ya chupa ya soda. Picha ya simba, ingawa simba hauzwi pale. Na yote hayo yamebanwa kwenye bati lisilozidi upana wa mlango.

Namwelewa mwenye duka. Amelipa fedha zake, anataka kila senti ionekane. Anaona mahali palipoachwa wazi ni hasara, ni eneo alilolinunua halafu likalala bila kazi. Lakini ile nafasi tupu ndiyo inayofanya maneno yaonekane. Ukijaza bati zima, umeandika barua, na hakuna anayesimama juani kusoma barua ya mtu asiyemjua.

Mafundi wa mabango wana kipimo chao cha zamani, nacho ni rahisi kukumbuka: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Kama unataka kusomwa na mtu aliye mita 30, yaani ng'ambo ya barabara pana na kidogo zaidi, herufi zako zinahitaji kufika sentimita 25. Chukua rula ya mwanafunzi, isimamishe, kisha fikiria maneno mangapi ya urefu huo yataenea kwenye bati lako. Ni machache, sivyo? Sasa ongeza mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Hizo mita 30 zako zinaisha kwa sekunde mbili. Kwa sekunde mbili mtu anasoma "DAWA", anasoma "SPEA ZA PIKIPIKI", anasoma "CHIPSI". Hasomi "wauzaji wa jumla na rejareja".

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla hujaenda kwa fundi, jiulize: mpita njia akiondoka na maneno mawili tu, ni yapi? Hayo ndiyo yawe makubwa. Jina lako linaweza kufuata chini kwa herufi ndogo zaidi, na wala usinune. Wateja wakishaingia watalijua.

Na rangi je? Nyeusi juu ya njano, nyeupe juu ya bluu nzito, nyekundu juu ya nyeupe: hizi zimefanya kazi miaka na miaka kwa sababu moja iko mbali na nyingine. Nyekundu juu ya bluu hugombana machoni mpaka herufi zinaonekana kama zinatetemeka. Njano juu ya nyeupe haisomeki kabisa saa sita mchana. Mwandiko wa mikunjo na mapambo tuuache kwenye kadi za harusi, ambazo mtu huzisoma ameketi.

Nimetaja mafundi, na hapa naomba nikae kidogo, maana tunawasahau haraka.

Kabla mashine hazijaja, kibao kiliandikwa kwa mkono. Fundi alikuja na ngazi, makopo ya rangi ya mafuta, brashi ndefu za nywele laini, uzi uliopakwa chaki, na fimbo ya kuegemezea mkono usitetemeke. Aliuvuta uzi ukaacha mstari ukutani. Alichora herufi kwa chaki kwanza, akarudi nyuma mpaka barabarani, akatazama, akafuta, akachora tena. Kwa nini alirudi barabarani? Kwa sababu alijua kibao hakisomwi na mtu aliye juu ya ngazi. Mmeona? Ni neno letu lilelile la leo, na yeye alilijua bila kuambiwa.

Alijua pia kwamba nafasi kati ya herufi haipimwi kwa rula. A na V zikikaa pamoja lazima zisogezwe karibu, la sivyo neno linaonekana limekatika. I na N zikisogezwa hivyo hivyo zitagandamana. Hiyo ni kazi ya jicho. Asiyepima huanza na herufi nene na za kifahari upande wa kushoto, akifika "VIFAA VYA UJENZI" bati limemwishia, basi ile Z na I anazichora nyembamba kama zina njaa. Sote tumeyaona mabango hayo, na tusiwacheke sana, maana kompyuta nayo ina makosa yake, tutafika huko.

Rangi hiyohiyo ya mafuta, ile inayong'aa iliyokuwa ikipakwa baiskeli, ndiyo Edward Saidi Tingatinga alianza kuchorea wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao laini hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, akaacha mtindo mzima wa uchoraji unaobeba jina lake mpaka leo. Kule Kongo, Chéri Samba alifika Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akajifunza kwa wachoraji wa mabango kabla ya kufungua karakana yake mwenyewe, na leo picha zake hutundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa Ulaya. Kenya wana Joseph Bertiers, aliyeanza kwa kuchora vibao na kuta za baa. Tukimpita fundi aliye juu ya ngazi anaandika "KINYOZI" na kuchora kichwa chenye nywele zilizochongwa sawasawa, tusimdharau.

Na kazi mafundi hawa wa brashi hawakukosa. Kumbukeni kampuni za simu. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Vodacom ilibadili sura ikawa nyekundu. Mwaka 2024 Tigo ikawa Yas. Kila jina lilipobadilika, kuna kuta ngapi za vijijini zilipakwa upya? Nyumba ya kijiji kando ya barabara kuu imevaa nembo moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba kapata rangi ya bure, kampuni imepata bango, na aliyepanda ngazi kapata posho yake.

Lakini zama zimebadilika. Leo ukitaka bango unakwenda kwa kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa upana wa mita moja na nusu au zaidi kidogo. Asubuhi unatoa wazo, jioni unaondoka na turubai lililochapwa. Kwa mkutano wa hadhara, kwa ofa ya wiki moja, kwa msiba na harusi, turubai linafaa sana. Tatizo ni pale linapogeuzwa kibao cha kudumu. Jua letu halina huruma. Mmewahi kuziona zile picha za saluni ambazo wasichana wote wamegeuka rangi ya samawati? Hawakuchapwa hivyo. Wino wa njano na ule mwekundu huwahi kupauka, bluu na nyeusi hubaki nyuma. Basi dada aliyekuwa na midomo myekundu miaka miwili iliyopita sasa anatutazama kama mtu aliyepigwa na baridi.

Maoni yangu, na fundi mwenye mashine anisamehe: kama duka lako lina ukuta mzuri na hukusudii kuhama, mwandishi wa brashi bado ndiye atakayekupa thamani zaidi kwa fedha yako. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwenye ukuta ulioandaliwa vizuri hudumu, na ikichakaa hupakwa tena palepale. Ila uandaliwe kweli. Plasta mpya ikae mwezi mzima ikauke, kwa sababu saruji mbichi huila rangi ya mafuta ikavimba na kubanduka. Bati jipya lioshwe mafuta yake, lipakwe rangi ya msingi kwanza. Na ninyi wa Kigamboni, Tanga, Bagamoyo na Unguja, hewa ya chumvi mnaijua: misumari na skrubu za kawaida zitalia machozi ya kutu juu ya jina lako kabla ya masika mawili.

Sasa tufike kwenye magari, ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Kuandika gari kwa brashi kunapungua, stika imeshika. Na stika ziko za aina mbili kubwa, msikilizaji, ambazo muuzaji mara nyingi hatakueleza usipomuuliza. Ya kwanza hutengenezwa kwa kubanwa na kusukumwa na roli mpaka iwe karatasi. Ya pili humiminwa ikiwa majimaji, ikakaushwa ikiwa nyembamba sana. Ile ya kusukumwa ina tabia ya chapati: unaisukuma, unaiacha, nayo inajirudi. Ukiibandika kwenye gari lenye mikunjo, jua likiipiga inataka kurudi kwenye umbo lake la zamani, ndipo unapoona kingo zimejikunja na kwenye mabonde ya bodi imetunga mahema. Ile ya kumiminwa haina kumbukumbu hiyo. Inalala kwenye mikunjo, kwenye ringi ya taa, kwenye mpini wa mlango, na ikipashwa moto vizuri inatulia hapo.

Tofauti ya bei ni kubwa, naam. Lakini je, unaihitaji ya ghali kila mahali? Hapana. Mlango wa kirikuu ulio bapa, kioo cha duka, ubavu wa boksi la Fuso ambao hauna mikunjo, hapo ile ya kusukumwa inatosha. Ile ya kumiminwa iweke pale tu bodi inapopinda. Fundi anayekuambia gari zima lazima livishwe stika ya bei juu, muulize kwa nini. Na anayekuambia ya bei rahisi itafunika gari zima bila shida, huyo usimuulize kitu, ondoka.

Halafu kuna usafi. Stika haishiki vumbi, haishiki mafuta, haishiki ile polishi ya kung'arisha tuliyoipaka jana ili gari lipendeze siku ya kubandikwa. Gari lioshwe, likauke, lifutwe kwa spiriti, mpaka kwenye pembe za milango ambako matope hujificha. Kama limetoka kupakwa rangi karibuni, lisubiri wiki kadhaa rangi ikomae, kwani inaendelea kutoa hewa na hewa hiyo hutunga mapovu chini ya stika. Na kama lina kutu iliyofunikwa kwa pasta, jua kwamba siku ya kuibandua stika, pasta na rangi vitafuatana nayo. Vilevile stika iliyochapwa isibandikwe ikiwa bado moto kutoka mashineni. Wino unahitaji muda wa kutoa harufu yake, angalau siku nzima, kabla ya kufunikwa na karatasi angavu ya kuukinga na jua na mikwaruzo. Mteja mwenye haraka ndiye anayemharibia fundi kazi hapo.

Sasa, gari liandikwe wapi? Wengi wetu tunafikiria ubavu. Ubavu ni mzuri kwa watembea kwa miguu. Lakini katika mji wa foleni, nyuma ya gari ndiko kwenye wasomaji wasio na pa kwenda. Dereva aliye nyuma yako anakutazama dakika kumi nzima. Huyo peke yake ndiye ambaye naweza kukubali kwamba hana haraka, au anayo lakini haimsaidii. Basi namba ya simu iweke nyuma, kubwa, moja tu. Sehemu ya juu ya bodi, paa na boneti, jua linazipiga moja kwa moja na stika yake hufa mapema. Hata watengenezaji wenyewe huipa sehemu hiyo muda mfupi wa dhamana. Kuchapa picha ghali kwenye boneti ni kulifurahisha jua.

Na milango, jamani! Milango ya kuteleza ina vituko. Chukua Noah yenye milango ya kuteleza pande zote mbili. Tuseme ni ya kusambaza mizigo, na mwenyewe ameandika kwa fahari upande wa dereva: HATUTACHELEWA. Limependeza, limepigwa picha, limewekwa kwenye simu. Kesho yake gari limefika kwa mteja, mlango unavutwa nyuma, unafunika ubavu wa nyuma ambako ndiko neno lilikoanzia. Ile HA imemezwa. Mteja amesimama kibarazani anasoma TUTACHELEWA. Kwa hiyo kabla kitu hakijakatwa, mwambie fundi afungue milango yote, ashushe vioo vyote, ndipo apime. Kompyuta inachora gari likiwa limefungwa tu. Nilisema nayo ina makosa yake.

Kuna wale wanaotaka gari zima libadilike. Lilikuwa jeupe, wanataka liwe la njano kuanzia bampa hadi bampa. Gari dogo la kawaida linaweza kula mita 15 hadi 20 za stika yenye upana wa mita moja na nusu, na kazi ya siku kadhaa juu yake. Kwa duka la mtaani naona ni anasa. Nembo nzuri kwenye milango na maandishi ya nyuma yanatosha, hasa kama umeichagua rangi ya gari tangu mwanzo ilingane na ya duka. Lakini ukiamua kulivisha lote, kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi yake. Gari likiwa jeupe kwenye kadi na la njano barabarani, trafiki akikusimamisha una maelezo ya kutoa. Majirani zetu Kenya ni vivyo hivyo, rangi imo kwenye kitabu cha gari. Katoe taarifa kabla. Na namba za usajili zisiguswe, hata kwa ua dogo la pembeni.

Nikitaja Kenya siwezi kuziruka matatu, daladala za huko. Mwaka 2004, kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa, matatu ziliamriwa kuwa na mstari wa njano na michoro ikatoweka. Vijana waliokuwa wakila kwa kupamba magari walijikuta hawana kazi. Mwaka 2014 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akafungua tena mlango, na nganya za Nairobi, yaani matatu zilizopambwa, zikarudi na sura za wanamuziki na wachezaji mpira kuanzia mbele hadi nyuma. Ninayapenda magari yale. Lakini mfanyabiashara asidanganyike kuyaiga. Nganya inajiuza yenyewe. Abiria anapanda gari kwa ajili ya gari. Kirikuu chako kinauza maji, au unga, au huduma ya kuzibua vyoo. Mtu akiondoka anakumbuka uso wa mwanamuziki na hakumbuki unga, umemfanyia mwanamuziki tangazo la bure.

Kuna jambo la ada, nalipita haraka. Mabango hutozwa ada kulingana na ukubwa, na lenye taa huweza kulipiwa tofauti na lisilo na taa. Nenda ukaulize kabla ya kutengeneza, ujue ukubwa utakaoumudu kila mwaka, maana kibao unakinunua mara moja na ada inarudi. Kenya, baadhi ya kaunti zimekuwa zikitoza hata maandishi yaliyo kwenye magari. Na kama duka lako liko kando ya barabara kuu, pima zile mita 30 kabla hujachimbia nguzo, usije ukaandikiwa lile bango la herufi moja.

Mwisho, fundi wako. Mpe nusu, nusu umalizie kazi ikikamilika. Aliyekuchorea nembo kwenye kompyuta akupe faili lake, lile la mistari linalokuzwa bila kuvunjika, siyo picha ya kutumiwa kwa simu. Bila faili hilo, siku akihama mji utaanza upya, na nembo ya kwenye gari haitafanana na ya dukani. Akishapanga maneno, yachape kwenye karatasi, mpe mtu asiyehusika na biashara yako ayasome kwa sauti. Mtoto wa darasa la tano anafaa sana, maana hana aibu ya kukuambia "dawa baridi" imeandikwa "dawa bardi". Kisha karatasi hiyo itundike ulipokusudia kibao kikae, uvuke barabara, ugeuke utazame. Usisimame. Tembea huku unatazama, kama anavyotembea mteja wako.

Muda wetu unaelekea kwisha, na ninalo ombi moja kwa kila mwenye biashara anayenisikiliza. Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, simama nje na upige namba ya simu iliyoandikwa kwenye kibao chako mwenyewe, na ile iliyo nyuma ya gari lako. Laini zimefungwa, simu zimeibwa, namba zimehamia kwa watu wengine, na vibao bado vinazitangaza. Kama namba yako haipatikani, au anapokea mtu usiyemjua aliyekwishachoka kuulizwa bei ya saruji, chukua brashi uifute siku hiyohiyo.